Ajabu na Sheria Yake: Mwezi Mmoja wa Kusoma Hadithi za Kutisha, za Kisayansi na za Fantasia

Utangulizi

Mwezi wa Desemba uliopita, masomo yalipofungwa, niliviweka kando vitabu vya isimu na tahakiki nilivyovizoea, nikajipa mwezi mzima wa kusoma vitabu vya aina tatu ambazo sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili huzitaja kwa nadra, na tunapozitaja aghalabu huwa ni kwa kuzidharau: hadithi za kutisha, hadithi za kisayansi, na hadithi za fantasia. Makala haya yanakusudia kueleza niliyoyaona katika usomaji huo, na kupendekeza kipimo kimoja ambacho naamini chaweza kutufaa darasani.

Yafaa nianze kwa kukiri kosa lililonisukuma. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea hadithi aliyoitunga mwenyewe, kurasa kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na jini aliyekuja kuidai nyumba iliyojengwa juu ya kisima chake. Nilipofika ukurasa wa nne niliandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Huu ni ushirikina. Andika juu ya maisha halisi." Nikamrudishia kazi yake. Usiku wa siku ile ile nilikishika kitabu cha Dracula, nilichokinunua nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nikakisoma hadi saa nane za usiku bila ya kumdai Bram Stoker maisha halisi hata mara moja. Zilipita siku kadhaa kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimetumia mizani mbili: moja kwa mgeni na nyingine kwa mwanafunzi wangu. Huenda hadithi ile ilikuwa na kasoro, lakini niliyoiandika pambizoni haikuwa kasoro yake. Basi ilinipasa nijiulize: hadithi yenye ajabu ndani yake huharibika kwa sababu gani?

Ajabu na chanzo chake

Kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Kwa neno "ajabu" nakusudia tukio lolote ndani ya hadithi ambalo haliwezi kutukia katika ulimwengu tunaoujua: maiti kutembea, mtu kutoonekana, mnyama kusema. Kiswahili si maskini wa maneno katika uwanja huu. Muujiza hutoka kwa Mungu. Uchawi hutoka kwa binadamu mwenye nia mbaya. Mazingaombwe na kiinimacho ni hila za kuyalaghai macho. Kila neno humwambia msikilizaji ajabu imetoka wapi. Methali nayo yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata zimwi, basi, katika fikira za wahenga wetu, lina mpaka wa kula kwake.

Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi ya kifantasia, aliuweka mpaka wa fasihi hiyo katika shaka ya msomaji. Kwa maoni yake, kazi huwa ya kifantasia maadamu msomaji angali anasitasita baina ya maelezo mawili: kwamba tukio lina sababu ya kawaida iliyofichika, au kwamba sheria za maumbile zimevunjwa kweli. Akishaamua, kazi huvuka mpaka na kuingia katika jamii nyingine. Nadharia hii ina nguvu, lakini katika mwezi wangu ilinipungukia. Mtoto asikilizaye hadithi ya zimwi hasitisiti hata kidogo. Anajua kwamba zimwi lipo ndani ya hadithi, na anajua pia kwamba halimo chini ya kitanda chake, japokuwa usiku hujifunika gubigubi. Vivyo hivyo, msomaji wa riwaya ya chombo kisafiricho katika wakati hapotezi muda kwa shaka. Amekwisha kukikubali chombo na anangoja kuona kitampeleka wapi.

Kwa hiyo naona yafaa tuulize maswali mengine mawili. La kwanza: je, sheria ya ajabu hii ni ipi? La pili: msomaji huijua sheria hiyo kwa njia gani, na lini? Nikitumia maswali hayo mawili, aina tatu za vitabu nilivyovisoma zilijitenga zenyewe.

Hadithi za kutisha: sheria ijulikanayo kwa hasara

Dracula ilitolewa mwaka 1897. Wengi wasioisoma hudhani kwamba ni kitabu cha giza na majumba makongwe tu. La hasha. Wahusika wake ni watu wa vyombo vya kisasa vya zama zao: daktari anarekodi shajara yake kwa santuri, bibi mmoja anapiga taipu, wakili anaandika kwa hatimkato, simu za maandishi zinapelekwa huku na huku, na ratiba za garimoshi zinachunguzwa kwa makini. Hofu ya kitabu inatokana na kwamba vyombo vyote hivyo vinayaandika mambo vizuri bila ya kuyaeleza.

Hata hivyo, mnyonya damu yule ana sheria. Hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza asipokaribishwa na mtu wa nyumba hiyo. Hawezi kuvuka maji yaendayo ila maji yanapojaa au yanapotulia. Hana kivuli, wala kioo hakimwonyeshi. Sheria hizi zimekusanywa pamoja na kuelezwa na Profesa Van Helsing katika sura ya 18, na kitabu kina sura 27. Kabla ya hapo msichana Lucy amekwisha kufa. Tena katika kisa cha kifo chake mna jambo dogo la kusikitisha: Van Helsing ameyapanga maua ya kitunguu saumu chumbani mwake ili kumkinga, na mama yake mzazi, kwa mapenzi matupu, anayaondoa kwa kuwa harufu yake ni kali, kisha anafungua dirisha mwanawe apate hewa. Mama huyo hakuambiwa sheria.

Hapo ndipo nilipoiona alama ya hadithi ya kutisha. Sheria ipo, lakini wahusika huijua baada ya mtu kulipa kwa uhai wake. Kama wangaliambiwa mapema, hadithi ingalikuwa ya vita. Kama sheria isingalikuwapo kabisa, ingalikuwa ya ghasia. Hofu hukaa katika nafasi iliyopo baina ya sheria na kujulikana kwake. Wasimulizi wetu walilijua jambo hili. Ni hadithi ngapi za pwani na za bara ambamo binti anayewakataa wachumba wote anaolewa na mgeni mzuri, kisha njiani ndipo anapogundua kwamba mume si mtu?

Hadithi za kisayansi: sheria iwezayo kukokotolewa

Mwaka ule ule wa 1897, H. G. Wells alitoa riwaya ya The Invisible Man. Mtu wake, Griffin, haonekani. Katika ngano zetu jambo hilo lingefanywa na dawa au hirizi, na msikilizaji asingeuliza zaidi. Wells anachukua njia nyingine. Griffin anaeleza kwa mfano wa kioo: kipande cha kioo huonekana kwa sababu kinaupinda na kuurudisha mwanga; kisage kiwe unga, nacho huonekana zaidi, cheupe; utie unga huo ndani ya maji, na karibu hauonekani, kwa kuwa maji na kioo huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Basi, asema, mwili wa mtu nao ungeweza kufanywa uupinde mwanga kama hewa iupindavyo. Mwanafizikia atapinga, lakini msomaji amekwisha kupewa ngazi inayoanzia katika maarifa aliyoyapata shuleni.

Jambo la maana zaidi ni lile lifuatalo baada ya maelezo. Ikiwa mwili hauonekani na nguo zaonekana, Griffin itampasa atembee uchi, na London iko katika baridi ya Januari. Chakula alichokila huonekana tumboni mpaka mwili ukimeng'enye. Theluji humwandama kwa nyayo zake. Mbwa humnusa. Msomaji mwerevu aweza kuyakokotoa mengi ya haya kabla mwandishi hajayasema, na raha yake imo katika kukokotoa huko. Wells mwenyewe, katika utangulizi aliouandikia mkusanyiko wa riwaya zake miaka ya 1930, alieleza kwamba mwandishi wa kazi kama hizi yampasa aombe ajabu moja tu, kisha yote mengine yawe ya kawaida. Akiruhusu lolote litokee, hakuna lolote litakalomshughulisha msomaji.

Hapa sina budi kutaja kitabu kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nacho ni riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1863 juu ya wiki tano za safari ya puto. Puto hilo linaanza safari yake Unguja na kulikata bara mpaka Senegali, ingawa Verne hakupata kufika Unguja. Alitegemea habari za wasafiri. Sheria ya puto imeelezwa kwa urefu: gesi ikipashwa moto hupanuka na chombo hupanda, ikipoa, chombo hushuka, kwa njia hiyo msafiri huutafuta upepo uelekeao atakako. Lakini wenyeji wa Unguja wamepewa kazi ya kulipinga puto kwa kudhani kwamba litaleta madhara kwa jua na mwezi. Na watu wa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, wanadhani kwamba puto ni mwezi wenyewe na wasafiri ni wana wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na udanganyifu ukafichuka.

Tuisome sehemu hiyo kwa utulivu. Watu wale, hata kwa jinsi Verne alivyowachora, wanaulinganisha uzushi na jambo lililo mbele ya macho yao, na papo hapo wanaukana uzushi. Huko si kukosa akili. Waliloonewa ni kwamba sheria ya puto alielezwa msomaji wa Paris, wao hawakuelezwa. Nililipoona hili nilikumbuka wino wangu mwekundu. Mimi nami nilikuwa nimeamua ni nani anayestahili kuelezwa na ni nani wa kuitwa mshirikina.

Baina ya aina hizi mbili kipo kitabu kimoja kinachosimama mlangoni, nacho ni Frankenstein cha Mary Shelley. Alianza kukiandika mwaka 1816 karibu na Geneva, akiwa na umri wa miaka 18, nacho kikatoka mwaka 1818. Victor Frankenstein anakiumba kiumbe kwa elimu ya maabara, si kwa uganga. Kwa hiyo kitabu ni cha kisayansi. Lakini siri ya kutia uhai anakataa kuitoa, na sheria aliyoivunja, kwamba anayeleta kiumbe duniani ana wajibu wa kukilea, anaijua baada ya ndugu, rafiki na mke kuuawa. Kwa hiyo kitabu ni cha kutisha pia. Mipaka ninayoichora, basi, haizuii kazi moja kukaa katika nyumba mbili.

Hadithi za fantasia: sheria itolewayo mlangoni

Aina ya tatu ilinirudisha nyumbani upesi kuliko nilivyotazamia. J. R. R. Tolkien, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, alieleza kwamba msimulizi wa fantasia huumba ulimwengu wa pili ambao akili ya msomaji yaweza kuingia, na maadamu yumo ndani, yale yanayosemwa ni kweli kwa sheria za ulimwengu huo. Katika The Lord of the Rings, iliyotolewa kati ya mwaka 1954 na 1955, sheria ya pete inatolewa mapema, katika sura ya pili: pete haiwezi kuharibiwa ila katika moto uliotumiwa kuifua. Maelfu ya hatua zinazofuata zimefungwa na sentensi hiyo moja.

Nilipokuwa nikisoma maelezo ya Tolkien nilisikia sauti ya zamani: "Paukwa!" Na jibu lake: "Pakawa!" Sisi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba hiyo ni fomula ya kufungulia hadithi, kisha tunapita. Naona kwamba ni zaidi ya hapo. Ni mkataba. Msimulizi anaomba ruhusa ya kuusimamisha ulimwengu mwingine, na wasikilizaji wanampa ruhusa hiyo kwa sauti, wote pamoja, kabla ya sungura hajasema neno. Asiyejibu hajaingia. Ndiyo maana hatumwulizi msimulizi sungura alijifunzia wapi kusema; tumekwisha kutia sahihi.

Lakini mkataba unamfunga msimulizi pia. Mfano bora nilioupata ni wa Amos Tutuola wa Nigeria, katika The Palm-Wine Drinkard ya mwaka 1952. Mnywaji wa tembo anasafiri kwenda Mji wa Wafu kumtafuta mgema wake aliyeanguka mnazini akafa. Wasomaji wengi wamekisifu au kukilaumu kitabu hiki kuwa ni mfululizo wa vituko. Kisomeni tena kwa jicho la mwanasheria. Njiani mnywaji na mkewe wanauza kifo chao na kukodisha hofu yao. Baadaye wanakwenda kuzidai mali zao. Hofu wanarudishiwa, kwa kuwa ilikodishwa. Kifo hawarudishiwi, kwa kuwa kiliuzwa na bei ikalipwa. Tangu hapo wanaogopa kama watu wengine, lakini hawawezi kufa. Na huko Mji wa Wafu watu huenda kinyumenyume, hata mtu aendaye mbele huwa amewaudhi wenye mji. Vituko hivi vina hesabu kali kuliko za mwenye duka.

Vitabu vyetu katika mizani hiyo

Tukichukua kipimo hiki na kuviendea vitabu vya Kiswahili, twaona kwamba uwanja haukuwa mtupu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, iko katika nchi ya angani. Mwandishi anatujulisha hivyo mwanzoni, na tangu hapo hatuulizi nguzo zake. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na ndugu yao mwenye huruma analazimika kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini. Nguvu ya kisa hicho haimo katika kugeuzwa. Imo katika "kila usiku". Sheria ndiyo inayoutesa moyo wa Adili.

Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alifanya kinyume chake: anaanza na mzimu unaoogopwa, kisha Bwana Msa anaondoa pazia na kuonyesha kwamba ajabu ile ilikuwa ni mkono wa binadamu. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamrusha Dzombo kwa chombo mpaka katika sayari nyingine, ambayo jina lake likitamkwa polepole hutuambia kwamba wale ni sisi. Watu huiita riwaya hiyo ya kisayansi kwa sababu ya chombo. Kwa kipimo chetu ni jirani wa Kusadikika: chombo chake ni mlango, wala hatutakiwi kukokotoa mwendo wake. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anamtoa babu kaburini aje amwonyeshe mjukuu wake hali ya nchi.

Kilicho haba katika orodha hii ni riwaya ya kisayansi iliyoandikwa kwa Kiswahili ambamo msomaji aweza kukokotoa. Wala si kwamba watu wetu hawana hamu nayo. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi ya kisayansi juu ya dunia iliyokosa maji, akaiita Pumzi. Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa kitabu juu ya msichana asafiriye katika anga za mbali, akakiita Binti. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Hugo. Jina ni neno letu katika kazi zote mbili. Lugha ya kazi zenyewe ni Kiingereza. Ikiwa kijana wa Kiswahili analeta jini wake na kuambiwa kwamba ni ushirikina, tusishangae kesho akimpeleka mahali ambapo jini huyo atakaribishwa.

Hitimisho

Katika wiki ya mwisho ya usomaji wangu nilimtafuta mwanafunzi yule nikamwomba anipe tena hadithi yake. Aliniambia kwamba karatasi zake amezitumia, upande wa nyuma, kuandikia maelezo ya mihadhara yangu. Basi nikaisoma hivyo, hadithi upande mmoja na maneno yangu upande wa pili.

Katika ukurasa wa tatu, ambao nilikuwa nimeupita mbiombio, bibi wa nyumba anaambiwa kwamba jini hawezi kuvuka kizingiti wala dirisha maadamu mtungi wa maji ya kisima kile umewekwa mlangoni. Sheria ni nzuri: kilicho chake ndicho kinachomzuia. Katika ukurasa wa kumi na moja jini yumo chumbani, na mtungi ungali mahali pake, umejaa. Hakuna aliyeumwaga, hakuna aliyeuhamisha, wala hatuambiwi kwamba sheria ilikuwa ya uongo. Hiyo ndiyo kasoro ya hadithi ile, na jini hana hatia. Nilimwonyesha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, basi ni mtoto aliyepata kiu usiku." Nami sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu kwamba, tupewapo kazi yenye ajabu, tuahirishe swali la kama jambo hilo laweza kutokea, na tuanze na maswali haya: sheria yake ni ipi? Msomaji ameijuaje, kwa hasara, kwa kukokotoa, au kwa kuambiwa mlangoni? Je, mwandishi ameitunza mpaka mwisho, na kama ameivunja, nani amelipa? Maswali hayo hayabagui baina ya mnyonya damu wa Stoker na jini wa kisimani. Nami wino mwekundu sijauacha. Sasa nautumia kupigia mstari pale sheria inapotajwa kwa mara ya kwanza.